Winnie Clissold na Miiba Iliyokwisha Makali

Hutaniamini, wala sikulaumu. Hata hapa bondeni Stroud, Uingereza, wapo wanaokunywa bia niliyowanunulia na bado wananibishia. Lakini shemeji yangu Winnie Clissold alimvuta mtu kutoka mlangoni mwa kaburi kwa kumuudhi. Hakumpa dawa. Alimuudhi tu.

Winnie alikuwa wa kiwanda cha sufu, chumba cha chini, kwenye mashine ya kukwangua kitambaa. Vichwa vikavu vya mbigili, ule mmea wa miiba, hupangwa kwenye fremu, fremu hufungwa kwenye rola, na kitambaa kilicholowa kikipita hapo miiba hunyanyua manyoya yake mpaka kinakuwa laini kama shavu la mtoto. Ila ukianza na miiba mipya, kitambaa kinachanika. Unaanza na ile iliyochakaa, unakwenda kwenye ya wastani, mipya unaiweka mwisho kabisa.

Mimi shule sikuimaliza, ila nilikaa muda wa kutosha kumsikia mwalimu akitueleza habari za exasperate, lile neno la Kiingereza la mtu aliyekereka hadi kooni. Alisema limetokana na neno la Warumi la kitu chenye kukwaruza. Zamani watu walilitumia hata kwa kitu laini kilichofanywa kikwaruze, na matabibu kwa ugonjwa uliochokozwa ukazidi. Maana hizo zimekufa, imebaki kero. Nilipomsimulia Winnie, akacheka. "Basi mimi nalipwa mshahara kwa kazi hiyo kutwa nzima."

Jirani yake alikuwa mzee Reuben Pegler, mpanga mbigili. Ndiye aliyempokea Winnie kiwandani akiwa msichana anayelia kwa vidole kuchomwa, akamfunga vitambaa vidoleni na kumfundisha kazi bila kumkaripia hata mara moja. Mkewe Reuben, Hester, alipofariki, mzee alifunga mapazia akakaa kitini. Majirani walimletea supu ya viazi na maneno matamu. Supu ilipoa, maneno nayo yakapoa. Muuguzi wa mtaa akamwambia Winnie kwa sauti ya chini, "Haumwi kitu. Ameamua tu. Akiendelea hivi, hafiki majira ya baridi."

Winnie hakulala vizuri. Kesho yake akaingia bila kubisha hodi.

"Reuben, Hester angekuona hivi angekuonea aibu."

Mzee alisimama polepole. Akamtoa nje, akafunga mlango kwa komeo. Siku hiyo hata chai hakunywa.

Winnie akabaki kwenye ngazi ameshika kichwa. Miaka yote ile kazini, na ameanza na miiba mipya! Amemchana mtu yule yule aliyemfundisha asichane.

Basi akarudi nyuma kabisa, kwenye miiba iliyochakaa. Akaanza kuimba nyimbo za kanisani chini ya dirisha la Reuben, akikosea sauti kidogo tu, kiasi cha kumfanya mtu akunje uso. Akaazima koleo la mzee bila ruhusa, akalirudisha na matope. Pazia likatikisika. Winnie akashukuru moyoni, akaongeza. Akaegemeza baiskeli yake kwenye waridi la mzee. Akamwita paka wa mzee kwa jina la paka mwingine.

"Anaitwa Moses," sauti ikatoka ndani, kavu kama mbao.

"Nani kasema?"

 Jioni ile sahani ya supu ya majirani ilirudi imeliwa nusu.

Ndipo akatoa miiba mipya. Jumamosi asubuhi aliingia kwenye bustani ya Reuben, akaanza kusimika miti ya kupandishia maharage, ncha nene juu, ncha nyembamba chini, mstari umepinda kama mlevi anayerudi nyumbani.  Hili likimchana tena, hana jingine.

Mlango ukafunguliwa. Reuben akatoka na nguo za kulalia, ndevu hadi kifuani.

"Wewe mwanamke umelaaniwa? Nani kakufundisha kusimika miti?"

"Hakuna aliyenifundisha. Wewe ulinifundisha mbigili tu."

"Na hayo nayo umeyasahau! Toka hapo. Lete kamba. Si hiyo, ile ya kijani. Mungu wangu, na koleo langu lina matope!"

Walifanya kazi hadi mchana, mzee akigomba bila kupumzika. Kisha akala pai ya rubabu, yale mashina machachu, aliyopika Winnie, akaikosoa kila kipande, akaomba kingine. Winnie akaenda nyuma ya banda, akalia akiwa ameziba mdomo kwa aproni.

Kwenye ibada ya mavuno mchungaji alipouliza nani ana la kushukuru, Reuben alisimama, kanyoa ndevu. "Nashukuru kwa maharage," akasema. "Na kwa jirani asiyevumilika. Bwana amzidishie maisha, nami anizidishie subira." Wote wakacheka. Winnie peke yake aliinamisha kichwa.

Na sijakueleza makelele ya siku ile ya maharage. Reuben alinguruma hadi vioo vya kiwanda vikapasuka, ng'ombe wa upande wa pili wa bonde wakaacha kutoa maziwa, na kengele ya kanisa, naapa, ikaanza kulia yenyewe, na Winnie akarushwa juu ya ua wa bustani mpaka—

"Shemeji," akasema Winnie nyuma yangu, chai mkononi, "ua gani huo? Bustani ya Reuben haina ua."