Leticia wa Mashineni

Pale Mwera, wilayani Pangani, mtu aliyetaka kumkuta Leticia Mhagama akiimba kwa sauti yake yote ilimbidi aende mashineni wakati injini inanguruma, na akifika hapo asingemsikia. Leticia alikuwa mwendeshaji wa mashine ya kukoboa na kusaga nafaka, na kelele ya ile mashine ilimfunika gubigubi. Akina mama waliokuwa wakisubiri unga wao waliona midomo yake inacheza na kichwa kinatikisika, wakadhani anasali. Wengine walidhani anawasema.

Babu yake alitoka Songea zamani za mkoloni, akaja kukata mkonge kwa mkataba, mkataba ukaisha na yeye asirudi. Leticia alizaliwa kambini, akabatizwa parokiani, akaingia kwaya angali msichana mwembamba. Mwalimu wa kwaya alimweka sauti ya pili, na kuanzia siku hiyo hakumtoa. Leticia aliimba sauti ya pili mpaka akaolewa, akazaa, akaanza kuota mvi, na muda wote huo aliijua ya kwanza, ya tatu na ya nne kama alivyojua njia ya kwenda kisimani. Hakulalamika. Aliona tu kwamba mwalimu amekosea, basi.

Mambo yalibadilika siku mwanawe Daniel, aliyekuwa akisoma Tanga mjini, alipomwachia simu yake ya zamani. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na programu ya kurekodi sauti moja juu ya nyingine. Daniel alimwonyesha mara moja, tena kwa haraka, maana alikuwa anakimbilia basi. Yaliyobaki Leticia aliyatafuta mwenyewe wakati wa masika, wateja walipokuwa wachache na mahindi ya kusaga hayapo. Akajirekodi sauti ya kwanza, akailaza. Juu yake akaweka ya pili, kisha ya tatu. Ya nne ilikuwa nzito ya kiume, ikabidi aiimbe asubuhi kabla hajanywa chai, koo likiwa bado limelala. Alipozisikiliza zote pamoja, alikaa kitandani akacheka peke yake. Kwaya nzima, na wote ni yeye!

Ngoma aliipata kazini. Mashine ikiwa tupu ililia vyake, ikishiba mahindi ikalia vingine, na mkanda ulipokuwa unashika kasi ulichapa vizuri kuliko mpiga ngoma yeyote wa parokiani. Alizirekodi sauti hizo zote. Studio yake ilikuwa chumba cha kulala: godoro limeegeshwa dirishani, vitenge vimetandazwa kwenye kamba, na mumewe Mathew, dereva wa trekta shambani kwa watu wa mkonge, ametolewa nje na redio yake.

"Mwanamke, hata nyumbani kwangu nafukuzwa?" Mathew aliuliza siku moja, kiti mkononi.

"Hufukuzwi. Unaombwa ukae kimya, na hilo huliwezi ukiwa ndani."

Nyimbo zake alizipandisha mtandaoni kwa jina la Leticia wa Mashineni. Mwanzoni walizisikiliza ndugu, kisha watu asiowajua. Mmoja aliuliza hao wenzake watatu mbona hawaonekani kwenye picha. Leticia akamjibu kwamba wote wapo, ila wana uso mmoja. Mwingine akamshauri atafute studio ya kweli, aondoe hiyo kelele ya mashine. Huyo hakumjibu.

Ndipo akatunga wimbo wa chekecheke, ule wavu wa mashine unaotenga unga na pumba. Ulimjia kazini, mikono ikiwa imejaa unga, nao ulikuwa wimbo wa kazi tu, usio na hila:

*Mashine inazunguka, mkanda unachapuka,*
*Unga mweupe washuka, gunia linajazika,*
*Pumba kando zabakia, nani atazikumbuka?*

Huo wimbo ulikimbia kuliko nyimbo zake zote. Vijana waliuchezea, akina mama waliupepetea nyungo mbele ya simu, mpaka bodaboda wakaufanya mlio wa simu zao. Leticia alitembea Mwera yote kichwa juu. Aliuona ni wimbo mzuri, na kwa kuwa ulikuwa mzuri hakuona haja ya kujifanya hajui.

Lakini pwani ile ni ya watu waliolelewa na taarabu. Kwao wimbo hauimbwi hivihivi. Lazima una mwenyewe, na asipotajwa, watu watamtafuta. Mara hii hawakutafuta mbali. Nyumba ya tatu kutoka kwa Leticia aliishi Najat, fundi cherehani, ambaye mumewe Rama alikuwa amemwacha miezi michache nyuma akahamia Moa, huko karibu na mpaka wa Kenya, kwa mwanamke mwingine. Mtaa ukakaa ukapiga hesabu zake: unga mweupe ni yule bibi harusi wa Moa. Gunia lililojaa ni nyumba ya Rama. Na pumba zilizobaki kando, zisizokumbukwa na mtu, ni nani kama si Najat?

Leticia hakuwa na habari. Alishangaa tu siku Najat alipopita mbele ya mashine na ndoo yake ya mahindi kichwani, asisimame wala kusalimu, akaenda kusaga kijiji cha pili kwa mguu. Kesho yake na dada zake Najat wakapita vilevile. Wiki ikaisha, foleni ya mashineni imekuwa fupi.

Aliyemfumbua macho ni Bi Shaista, mwenye mashine. Bi Shaista alikuwa mama wa Kihindi mwenye duka la jumla Pangani mjini, na kila wiki alikuja Mwera kukagua mafuta ya injini. Safari hii hakuuliza mafuta. Alikaa juu ya gunia akamwambia Leticia azime mashine.

"Umemwimba jirani yako," akasema.

"Mimi? Jirani gani?"

"Najat. Harusi ya Rama huko Moa waliupiga wimbo wako, Leticia. Waliurudia na kuurudia. Mashoga wa bibi harusi wakabeba pumba kwenye sinia wakacheza nazo, wakapiga picha, wakamtumia Najat kwenye simu."

Leticia aliketi. Akilini alimwona Najat, peke yake na cherehani yake, akiifungua ile picha.

"Bi Shaista, wallahi, kama mnavyosema nyie, sikumwimba Najat. Niliimba mashine."

"Mimi nakuamini. Lakini mteja wangu haamini. Futa wimbo, mambo yaishe."

Leticia alifikiri. Kufuta kulikuwa jambo la kubonyeza mara mbili tu. Akatikisa kichwa.

"Sifuti. Nikifuta leo, kila mtu atasema nimekiri. Na Najat mwenyewe ndiye atakuwa wa kwanza kuamini. Halafu ule wimbo umeshaingia kwenye simu za watu, hizo nazifuta vipi?"

"Basi utafanya nini?"

"Nitakwenda kwake. Kosa langu ni kwamba sijakwenda mpaka leo."

Alikwenda jioni hiyohiyo, jua bado liko juu ya minazi, unga haujamtoka nyusi. Alipiga hodi. Mama yake Najat, mtu mzima anayetembea kwa kushika ukuta, ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alimtazama kwa muda, kisha akasogea pembeni ampishe. "Yupo ndani. Akikutukana, vumilia."

Najat hakumtukana. Hakuacha hata kushona. Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani, na Leticia ikabidi aseme juu ya kelele ile, kama alivyozoea kuimba juu ya kelele nyingine. Alisema kila kitu: kwamba wimbo ulimjia kazini, kwamba mambo ya Rama hayakumpitia akilini hata kidogo, kwamba ya Moa ameyasikia leo kwa Bi Shaista.

Cherehani ikasimama.

"Dada Leti, nimekusikia," Najat akasema. "Pengine ni kweli. Lakini wewe ulipoandika 'nani atazikumbuka', hukujua mtaa wako una mwanamke aliyeachwa? Ulipita hapa kila siku."

Leticia alijifuta unga kwenye nyusi.

"Sikuangalia," akasema. "Niliangalia wimbo tu. Nisamehe, mdogo wangu."

Bibi akaleta chai ya tangawizi, akaiweka katikati yao bila neno, akarudi kukaa mlangoni. Leticia alikunywa, kisha akasema jambo ambalo mtu mwoga asingelisema.

"Wimbo ni mzuri, Najat. Huo siwezi kuukana. Lakini haujaisha. Una upande mmoja tu, na upande wa pili mimi siwezi kuutunga. Uutunge wewe."

"Aka! Mimi niingie mtandaoni nianze kujibizana na watoto wa Moa?"

"Si kujibizana. Kuimba. Mama yako aliwahi kuniambia ulikuwa unafungua maulidi kwa kaswida, Tanga mjini, ukiwa binti."

Najat aliangalia mlangoni, alikokaa mama yake. Ilikuwa kweli. Alikuwa na sauti iliyowafanya wazee wa madrasa wanyamaze. Rama alipomuoa alisema sauti ya mkewe haitasikika nje ya ua, na Najat akanyamaza, mwaka ukafuata mwaka mpaka akasahau kwamba kunyamaza kwenyewe kulianza kwa amri.

"Pumba mnauzia nani pale mashineni?" akauliza ghafla.

"Wafugaji. Wa kuku, wa ng'ombe. Wanazigombea, nakuambia. Kuna siku zinaisha kabla ya unga."

Najat akaguna. Akachukua chaki ya kuchorea nguo, akaandika maneno mawili juu ya kipande cha kitambaa, akayafuta kwa kiganja, akaandika mengine. Leticia alijua ile hali, akaendelea na chai yake asimkatishe.

Jumapili baada ya misa, Mathew alitolewa nje tena na redio yake. Godoro likapanda dirishani. Najat alikuja na mtandio wake wa kijani na mashairi kichwani, akataka kwanza aelezwe kila kidude cha simu kinafanya nini. Kisha akagoma kuimba juu ya ngoma ya mashine kama ilivyo.

"Inakimbia mno. Hii ya kwako ni ya mtu mwenye haraka ya kufunga kazi. Yangu iende polepole, wanisikie neno kwa neno."

"Mashine haiendi polepole."

"Basi ipunguzie moto, si wewe fundi wake?"

Walibishana mpaka chakula cha mchana. Leticia alikuwa hajazoea kupingwa katika jambo hilo, na ndani ya moyo alikasirika kidogo, mpaka alipokwenda mashineni akapunguza mwendo wa injini kwa mkono, akairekodi inavyokokota, akairudisha chumbani. Najat akafumba macho, akaimba:

*Mnaozicheka pumba, punguzeni kujigamba,*
*Unga mtaula leo, kesho chungu mtakomba,*
*Mimi ninalisha ng'ombe, maziwa yajaa nyumba.*

Ilikuwa sauti ya juu, safi, iliyopinda mwishoni mwa kila mstari kama inavyopindwa kaswida. Nje, Mathew alizima redio bila kuambiwa. Leticia aliweka sauti tatu chini yake, na sauti ya kwanza, aliyoipigania kimoyomoyo tangu usichana, akamwachia Najat. Hakuona uchungu. Kitu kilichokuwa sawa kilikuwa sawa.

Waliunganisha pande mbili zikawa wimbo mmoja, wakaupandisha, majina yote mawili juu. Mwera ilichukua siku moja kuelewa. Wale waliokuwa wakisema Leticia kamwimba Najat waliwaona wote wawili kwenye picha moja, bega kwa bega mbele ya mashine, Najat ameshika sinia la pumba anacheka, wakaacha maneno yao. Wafugaji wakaupokea wimbo kana kwamba ni wao. Baada ya siku chache dada zake Najat walirudi na ndoo zao kwenye foleni. Bi Shaista alipokuja kukagua mafuta, alimkuta Leticia hana hata nafasi ya kumsalimu vizuri.

Moa nako wimbo ulifika. Rama alipiga simu. Najat aliiacha iite mpaka ikakata, akaendelea kukunja nguo za wateja.

Kabla mwezi haujatimia ukaja mwito kutoka Tongoni. Mama mmoja alikuwa anamwoza binti yake na alitaka Leticia wa Mashineni na mwenzake waje kuwaimbia wanawake alasiri ya harusi. Leticia alikuwa hajawahi kuimba peke yake mbele ya watu. Kwaya ilikuwa na safu, na yeye alikuwa safu ya nyuma. Mathew alimuuliza kama ana hofu.

"Ninayo," akasema. "Lakini wanaotaka kusikia ni wao, na wimbo ni wangu."

Walikwenda. Ua ulikuwa umejaa, vitambaa vimetandwa juu kuzuia jua, na spika ikakwaruza ilipounganishwa na simu, ikakataa kabisa kupiga ile ngoma ya mashine. Mwenye spika akaanza kuhangaika na nyaya. Leticia hakumsubiri. Aligeuza ndoo tupu iliyokuwa karibu na pipa la maji, akakaa nayo chini mkekani, akaanza kuipiga kwa viganja ule mwendo alioujua kwa damu, polepole kwanza, kisha kwa kasi. Akaimba upande wake. Wanawake wakaanza kupokea. Najat alipoinuka na upande wa pumba, mama mmoja aliyekaa pembeni, peke yake, akasimama naye na kupandisha mikono, na vigelegele vikaanzia kwake vikazunguka ua mzima.

Walipokuwa wanapewa pilau, mama mwenye shughuli akamsogelea Leticia, akamnong'oneza sikioni akimwonyesha kwa macho shangazi wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye dhahabu nyingi.

"Wimbo wenu unaofuata, niwekeeni na yule."

Leticia alimtazama Najat. Najat alitazama sahani yake, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Kwanza tutamwangalia vizuri, mama," Leticia akasema. "Safari hii tunaangalia ndipo tunaimba." Akaongeza nyama kwenye pilau yake, akala kwa raha.