Miezi Mitano Bila Sukari

Kwa miaka ishirini na tisa nilipokea ng'ombe katika machinjio ya Dagoretti. Kazi yangu ilikuwa zizini, si kwenye kisu. Lori lilipofika jioni nilihesabu wanyama, nikawaingiza katika zizi la kungojea, nikajaza birika maji. Chakula hawakupewa. Ng'ombe wa kuchinjwa kesho hunywa maji tu, tumbo lake liwe jepesi. Nilipokuwa nimeoa karibuni nilimsimulia mke wangu desturi hiyo, naye akaniomba nisiisimulie tena mezani.

Sasa ni marehemu. Binti yetu husema nilimtunza mama yake vizuri, na watu wa kanisa husema hivyo pia. Si kweli, na nimechoka kuitikia.

Alikuwa ametolewa uvimbe kichwani, akapigwa mionzi, nywele zikaanza kuota tena. Mguu wa kushoto ulibaki mzito lakini ulimi wake ulikuwa mzima, na ulimi ndio uliokuwa kipimo changu cha hali yake. Tuliitwa kwa daktari huko Hurlingham kupewa majibu ya maabara. Mke wangu alikuwa amesinzia kwenye kiti cha nje. Nilimwacha pale, nikaingia peke yangu.

"Mama yuko wapi?" daktari aliuliza. Alikuwa msichana wa umri wa binti yangu.

"Amechoka. Niambie mimi kwanza."

"Mzee, mgonjwa ni yeye."

"Na mimi ni mume wake."

Alinitazama kidogo, kisha akafungua faili. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na lilikuwa langu.

Alinieleza polepole, kama mtu anayejua kwamba nimeishia kidato cha nne. Kila seli ya mwili hula. Ndani yake kuna jeni zinazoamua inakula nini na inakigeuzaje kuwa nguvu. Katika uvimbe, jeni hizo hufanya kazi kwa namna yake, na wataalamu wamegundua kwamba ukizipima unaweza kukisia ni wagonjwa gani uvimbe utawarudia mapema na ni wepi watakaokaa muda mrefu bila kurudiwa. Kipande cha uvimbe wa mke wangu kilipimwa hivyo. Kiliangukia kundi la kurudiwa mapema.

"Lakini hii ni makisio, mzee. Bado inachunguzwa. Inasema juu ya watu wengi pamoja. Juu ya mama peke yake haiwezi kuapa."

Niliuliza uvimbe hula nini. Alisema mengi, na mojawapo lilikuwa sukari. Mengine sikuyasikia. Mtu aliyeishi na mifugo akiambiwa kitu kinakula, anajua la kufanya.

Nilitoka nikamwamsha. Aliuliza, "Amesemaje?"

"Amesema uko sawa. Uache tu sukari, na vyote vinavyogeuka sukari. Ukiacha, uvimbe hautarudi."

Nilimtia daktari maneno mdomoni. Mke wangu hangenitii mimi katika jambo la chai, lakini daktari angemtii.

Nyumba yetu ya Woodley ni ya zamani, yenye vyuma madirishani na ua mrefu wa miiba ya kayaba. Nilifunga sukari katika sanduku la bati pamoja na asali. Ndizi mbivu, viazi vitamu, mandazi na chapati niliviondoa. Ugali nilimkatia kipande cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Akina mama wa kanisa walikuwa wakija kila Alhamisi na chupa ya uji na kitu ndani ya kitambaa. Niliwazuia langoni: mgonjwa analala. Walikuja mara tatu, wakaacha kuja. Ufunguo wa lango niliuvaa shingoni, kwa kuwa alikuwa amejaribu kujikokota hadi kioski.

"Wewe mzee," aliniambia siku moja kupitia dirishani, nikiwa napalilia sukuma wiki, "hata gerezani watu hutembelewa."

"Ni daktari amesema."

"Daktari alisema nisionane na akina mama wa kanisa?"

Niliendelea kupalilia. Kila nilipomtazama niliona neno moja, mapema, na sikuweza kumwambia wala kulisahau. Nilikaa naye asubuhi hadi jioni katika vyumba viwili. Sikuthubutu kwenda hata kununua gazeti, nikihofia kwamba nitakaporudi kitu kile kitakuwa kimerudi kabla yangu. Binti yetu akipiga simu nilisema mama anaendelea vizuri, kisha nikakata kabla hajaomba kuongea naye.

Alikonda. Pete ikamtoka kidoleni, akaifunga kwa uzi. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani ni uvimbe unaokonda.

Asubuhi moja nilimwekea kikombe cha maji moto mbele yake. Akakizungusha, akaniangalia.

"Maji bila chakula," akasema. "Kwani unanichinja kesho?"

Nilicheka ili aonekane ametania. Yeye hakucheka.

Miezi mitano ilipokwisha tulikwenda kupigwa picha ya kichwa, na siku iliyofuata tukarudi Hurlingham. Safari hii mke wangu alishika mwenyewe mlango wa daktari. Daktari alipoona mikono yake alishtuka, akampima uzito mara mbili.

"Mama, huli?"

"Nakula ulichoruhusu. Hebu niambie, hii sukari yako nitaiacha hadi lini?"

"Sukari gani?"

Daktari aligeuka kunitazama. Nilikuwa nimeketi kando ya ukuta, na hapakuwa na mahali pa kwenda.

"Usimwangalie huyo," mke wangu alisema. "Niambie mimi. Kichwa ni changu."

Akaambiwa yote: jeni, makundi mawili, makisio. Akaambiwa pia kwamba jeni zile zinaonyesha tabia ya uvimbe, hazitoi orodha ya chakula, na kwamba kumnyima mtu ugali hakuunyimi uvimbe chochote. "Kosa ni langu pia," daktari alisema. "Nilipaswa kukuita ndani siku ile."

"Na picha ya jana?"

"Ni safi, mama. Hakuna kilichorudi."

Mke wangu alifikiri. "Kwa hivyo hii miezi yote nilikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima."

Uvimbe ulirudi baadaye, na baada ya hapo hakuweza tena kumeza vizuri wala kutuita kwa majina. Kama ulirudi mapema au la, sijui. Ninachojua ni kwamba miezi ile mitano ndiyo iliyokuwa mizuri kuliko yote aliyobakiwa nayo, na nilimfungia ndani.

Siku ile, tulipotoka kwa daktari, alitangulia mbele yangu. Alivuka barabara kwa mkongojo wake, akaingia katika hoteli ndogo, akaketi. Nikaketi mbele yake. Mhudumu wa hoteli akaja, akamsalimu kama bibi yake.

"Sasa shosho, niwaletee nini?"

"Chai ya maziwa moja. Mandazi mbili. Na bakuli ya sukari uiache hapa."

"Na mzee?"

"Mzee mpe maji."

"Moto ama baridi?"

"Yoyote. Ni ya kungojea tu."

Alitia vijiko vinne, akakoroga hadi nikadhani kikombe kitatoboka. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja wazi. Nilielewa. Nilivua kamba shingoni, nikamwekea ufunguo wa lango mkononi. Akautia ndani ya blauzi, akaanza kula. Alikula mandazi yote mawili polepole akinitazama, na mimi nikanywa maji yangu.