Samadi ya Baba Mkwe

Huku milimani mtu akikupenda anakulisha. Ukipita kwa jirani umeshiba chai, bado utatengewa viazi, na ukikataa utaulizwa ni nani kakuudhi. Nilipoolewa Lushoto kutoka Mazinde nilinenepa hata shangazi zangu wakaanza kuulizana nina miezi mingapi. Sikuwa na mimba. Nilikuwa na wakwe.

Mkuu wa walishaji ni baba mkwe. Analima kabichi na karoti, na akishamaliza kumshukuru Mungu anaishukuru samadi. Mtoto akikohoa, anauliza amekula nini. Hata redio ikikoroma huwa anaitazama, nami nina hakika anajiuliza samadi ingetiwa wapi.

Katika mizigo yangu ya harusi nilikuja na tawi la franjipani. Lilikuwa nene, butu, halina jani hata moja. Mama yangu alilikata kwenye mti ulio mbele ya nyumba yetu Mazinde, wenye utomvu mweupe kama maziwa na maua meupe yaliyoingia njano katikati. Aliniagiza nililaze mahali pakavu mpaka utomvu ukauke pale lilipokatwa, ndipo nilipande, la sivyo litaoza. Nikaliweka kwenye dirisha la jiko. Mama mkwe akavumilia kwa adabu, akilitazama kila anapopita, mwisho akauliza kama ukuni ule una kazi maalumu au anaweza kuuchochea.

Maagizo ya mama hayakuishia hapo. Nilipande penye jua, karibu na ukuta. Nisilinyweshe ovyo. Na zaidi ya yote, nisililishe.

"Huu ni mti wa kufunga," alisema. "Ukishiba unatoa majani tu. Ukiona njaa kidogo ndipo unakumbuka kuchanua."

Kisha akaweka sharti. "Siku ukichanua huko, niambie, nitapanda kuja kukuona. Ua la Mazinde likiiweza baridi hiyo, na mimi nitaiweza."

Mama huvaa sweta Mazinde, mahali ambapo mbuzi wanagombania kivuli. Kwangu alikuwa hajakanyaga. Harusi ilikuwa kwetu, nilijifungua kwetu, nikarudi mlimani na mtoto mgongoni na mama akabaki kule kule. Kila tulipoongea kwenye simu aliuliza, "Umechanua?" Nikisema bado, alijibu kwa sauti iliyojaa nafuu, "Basi bado kuna baridi." Nilikuwa namtaka mama yangu akae jikoni kwangu, ale nilichopika mimi. Mti ndio ulioshika ufunguo.

Sasa, asubuhi moja baba mkwe aliuona mti nilioupanda ukutani mwa jiko, ukiwa na vijani vyake vichache, akasimama. "Kiumbe huyu ana njaa," nikamsikia akisema. Tangu siku ile, kabla ya kwenda shamba, aliumwagia ndoo ya samadi iliyolowekwa, huku akiusemesha Kishambaa kama anavyomsemesha ng'ombe wake. Mti ukanenepa kama nilivyonenepa mimi. Jani moja lingefunika sahani ya ubwabwa. Wageni walisifu, baba mkwe akatabasamu, na ua halikuonekana.

Mtu atauliza kwa nini sikumwambia. Anayeuliza hivyo hajaolewa. Mimi nikimwamkia baba mkwe shikamoo natazama chini. Vidole vyake vya miguu navijua kuliko uso wake. Nianzie wapi kumfundisha kilimo? Nikamwambia mume wangu, mwanamume anayebishana na wanunuzi wa mboga kutoka Dar mpaka wanaomba maji. Akasema, "Nitaongea naye." Masika yakaja yakaenda, akawa bado anatafuta wakati mzuri. Nikamwendea mama mkwe, naye akacheka mpaka akakalia gunia la karoti.

"Mimi mwenyewe amenilisha hivyo hivyo tangu anioe," alisema. "Unaniona nimechanua?"

Nikaona wa kuniokoa ni mama yangu. Nikamwomba aongee na mkwe wake kwenye simu. Waliamkiana, wakaulizana mvua, ng'ombe, kabichi, na wagonjwa wa pande zote mbili. Ndipo mama, kwa ustaarabu wake wote, akasema, "Na ule mti, mkwe, nasikia mnautunza mno jamani, mnazidisha." Baba mkwe akarudisha simu uso umemnawiri. "Mkwe anashukuru," alitutangazia, na jioni ile akaongeza ndoo ya pili.

Kilichoutibu mti ni mtoto wa jicho. Baba mkwe alianza kuwaamkia ng'ombe akidhani ni majirani, akapelekwa Tanga kutibiwa, na binti yake wa huko akamzuia apumzike kiangazi chote. Siku ya kuondoka aliniita. "Mwanangu," alisema, "mti usilale njaa." Nikaitika, "Sawa, baba," na gari lilipokata kona nikaigeuza ndoo kifudifudi.

Wiki za mwanzo niliogopa. Majani makubwa yakapukutika, na nikamwona baba mkwe katika mawazo akirudi na macho mapya na kitu cha kwanza kuona ni fimbo isiyo na jani. Mama mkwe alipita akasema, "Leo tena haujafuturu?" akaenda zake akicheka. Kisha kwenye ncha ya tawi pakavimba, pakatoka vichwa vidogo vimebanana, na asubuhi moja nilipofungua mlango wa jiko harufu ya nyumbani ikanipokea. Nililia, sina haja ya kuficha. Halafu nikapiga simu Mazinde.

"Umechanua kweli?" mama akauliza.

"Kweli, mama."

"Basi nakuja," akasema, kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Alifika amevaa masweta mawili na kipande cha limau puani, na hapo ndipo nikajua kwamba baridi ilikuwa inasingiziwa. Ni kona. Kutoka Mombo alitapika mpaka Soni, na alikuwa haoni atawezaje kushuka mbele ya wakwe katika hali ile. "Ningekwambia, ungenicheka," alisema. Nilikuwa nacheka tayari.

Siku chache baadaye baba mkwe akarudi. Akasimama mbele ya maua na macho yake mapya. "Mnaona samadi!" akasema. Hakuna aliyembishia.

Kesho yake asubuhi akaja na ndoo kuuzawadia. Mama yangu alikuwa nje, amejifunika blanketi, na mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai.

"Mkwe wangu, unisamehe," mama akasema. "Naomba uuache ufunge. Ukishiba hauchanui."

Mama mkwe akakumbuka kitu ndani. Mume wangu akakumbuka kitu bandani. Baba mkwe akaweka ndoo chini taratibu.

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote, mkwe."

Aliutazama mti, kisha akasema na mama, si nami. "Binti yako alipokuja hapa, jioni alikuwa anasimama upande ule, anatazama kwenu. Hasemi kitu. Nikaambiwa mti huu ukitoa ua, mama yake atakuja. Sasa mimi ningefanya nini, mkwe? Kulisha ndiyo kazi ninayoijua."

Nilimmiminia mgeni chai kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha nikammiminia baba mkwe, nikatia sukari kama anavyoipenda yeye, si kama alivyoagiza daktari, na nilipompa kikombe sikutazama vidole vya miguu.

Akaonja. Akanitazama usoni.

"Hii sasa," akasema, "ina samadi."