Mahindi Yasiyo na Wadudu

Katika mtaa wa nyuma ya stesheni ya Manyoni, mwanamke akionekana anajua kubana matumizi, wenzake walimwambia, "Wewe sasa ni Mama Peniel mtupu." Wengine walisema kwa kusifu, wengine kwa kucheka. Mwenyewe alisikia yote mawili na hakujali, maana watoto wake walikuwa wanakula.

Jina lake hasa Asnath. Alizaliwa Ulemo, akaolewa na Chediel, fundi wa njia ya reli, wakaishi miaka mingi kwenye nyumba za wafanyakazi. Kisha ukaja wakati wa kupunguza watu kazini. Asubuhi moja Chediel aliitwa ofisini, akarudi jua halijapanda sawasawa, koti la kazi amelikunja mkononi. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mpaka mchana. Baada ya hapo walihama nyumba ya reli wakaenda kupanga vyumba viwili vya udongo, yeye, mumewe na watoto wanne, na Chediel akaanza kuhangaika na vibarua vya kuchimba vyoo na kupasua kuni.

Hapo Asnath akaishika nyumba kwa mikono miwili. Sukari aliifungia sandukuni, ikatoka siku za wageni tu. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande vyembamba, akavianika juani, maana sabuni ikikauka haiyeyuki ovyo ndani ya beseni. Mkaa aliuacha, akapikia magunzi na vijiti walivyookota watoto. Mboga ilikuwa mlenda mkavu uliotwangwa, na ikitokea dagaa, waliungwa kwa maji mengi ili kila mtu apate pa kuchovya. Kwenye mahindi ndiko alikokuwa na msimamo zaidi. Hakukoboa hata punje.

"Ukikoboa," aliwaambia wenzake bombani, "unamwachia mwenye mashine chakula cha watoto wako. Saga dona. Chote kilichomo kwenye punje kiingie tumboni."

Tena dona hiyo hakuipika peke yake. Mama mkwe wake, Klara, alikuwa akiwatumia mtama na uwele kutoka Misigiri, na Asnath alichanganya unga wa nafaka hizo hadi ugali wake ukawa mweusi na mzito kama udongo wa mbuga. Watoto walinung'unika, kisha wakala.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Luciana, ambaye watu walimwita Mama Benson. Mumewe, Mazengo, alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani, mtu wa maneno mengi na mkono wazi. Kwa Luciana walikula sembe nyeupe, na mchuzi wao ulinukia mafuta. Lakini kiangazi cha mwaka tisini na saba mvua zilikuwa zimekatika kabla mahindi hayajabeba, mabua yakasimama mashambani yamekauka, na ng'ombe wakakonda mpaka hakuna aliyetaka kuwanunua. Mazengo akaanza kurudi nyumbani mikono mitupu. Siku moja Luciana aliingia uani kwa Asnath akiwa amejifunika khanga kichwani kama anayeumwa.

"Mama Peniel," alisema, "nifundishe. Mimi nimezoea kununua tu. Sasa sijui nashika wapi."

Asnath alifurahi. Baadaye, kila alipoikumbuka furaha ile, moyo wake ulikuwa unashituka.

Walikwenda mnadani pamoja. Siku hizo biashara ilikuwa ruksa kwa kila mtu. Mwenye lori na mwenye baiskeli wote walikuwa wafanyabiashara, na bei ya mahindi ilipanda kila kulipokucha. Mbali kidogo na wenzake, nyuma ya zizi la mnada, walimkuta mwanamume mmoja amekaa juu ya magunia yasiyo na maandishi. Hakuita wateja. Alipoulizwa bei, alitaja bei iliyokaribia nusu ya wengine.

"Mbona rahisi hivyo, kaka yangu?" Asnath aliuliza.

"Yalinyeshewa njiani, mama. Nimeyaanika, yako sawa. Nataka kuwahi kuondoka tu."

Asnath alizamisha mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Punje zilikuwa nene, zimelingana, safi kuliko mahindi yoyote aliyoyaona mwaka ule. Hakukuwa na vumbi la mdudu dumuzi wala tundu hata moja. Akanusa kiganja. Kulikuwa na harufu ya mbali, kama ya stoo iliyofungwa muda mrefu. Alimtazama yule mtu, naye alikuwa ameelekeza macho barabarani.

"Tununue gunia zima tugawane," alimwambia Luciana. "Bei hii hatutaiona tena."

Luciana alisita. "Huyu mtu simwelewi."

"Humli yeye, unakula mahindi. Nisikilize mimi."

Wakanunua, wakagawana nusu kwa nusu.

Nyumbani Asnath aliyamwaga kwenye ungo, akachambua. Punje chache, kwenye ile ncha zinaposhikia gunzi, zilikuwa na wekundu uliofifia kama kucha iliyofutwa rangi. Akazitenga, akazifunga kwenye kitambaa, akisema atazipanda mvua zikija. Chenga na vumbi aliwatupia kuku.

Siku iliyofuata walikwenda mashineni pamoja. Gaspari, mwenye mashine, alipomwaga mahindi ya Asnath kwenye mdomo wa mashine, alipiga chafya mfululizo.

"Mama Peniel, haya mahindi hayana mdudu hata mmoja."

"Si ndiyo vizuri?"

"Ndiyo," alisema Gaspari, akipangusa mikono kwenye suruali. "Vizuri." Kisha akamgeukia Luciana. "Mama Benson, yako nakoboa kama kawaida?"

Luciana alimtazama Asnath, na Asnath akatikisa kichwa kukataa.

"Saga dona," Luciana alisema.

Jioni waliporudi, kuku wawili walikuwa wamelala chini ya ukuta, mabawa wameyatandaza. Wa tatu, tetea mwekundu, alikuwa anazunguka pale pale, shingo imepinda. Kiangazi kuku hufa kwa kideri, kila mtu anajua, na Chediel hakushangaa.

"Mchinje huyo kabla hajafa," alisema. "Angalau watoto waonje nyama."

Asnath akachukua kisu. Alipomkamata yule tetea, vidole vyake viligusa gole, ule mfuko wa chakula shingoni, na gole lilikuwa limejaa, gumu kama jiwe. Akasimama na kisu mkononi. Kuku wa kideri hali. Huanza kukataa chakula, ndipo hupinda shingo. Huyu alikuwa ameshiba.

"Huyu tusimle," alisema.

"Kwa nini?"

"Sijui. Tusimle tu."

Akawatumbukiza wote chooni. Chediel alimwangalia kwa mshangao, kwa sababu mke wake hakuwa mtu wa kutupa hata maji ya kuoshea mchele. Asnath alirudi jikoni, akachukua unga mpya, akauchanganya na mtama kama kawaida yake, akasonga. Lile wazo la gole lililojaa lilimfuata hadi mbele ya chungu, likakaa pembeni yake. Hakulitazama. Mahindi yalikuwa yamenunuliwa, na mengine hayakuwepo.

Siku zilizofuata nyumba ilikosa uchangamfu. Faith, binti yake wa pili, alilalamika kichwa. Peniel alitapika mara moja, akasema ni jua. Chediel alikuwa akishika jembe, mkono unamtetemeka, anacheka kwamba uzee umemwahi. Asnath alisema ni malaria, akawanywesha vidonge. Usiku alikuwa akisikiliza pumzi zao kila mmoja, hajui anachokisikiliza. Upande wa pili wa ukuta alimsikia Cecilia, mtoto wa mwisho wa Luciana, akilia kilio kifupi kifupi, kisha kimya.

Asubuhi alimwuliza Luciana.

"Degedege," alisema Luciana. Macho yake yalikuwa mekundu. "Alipatwa jana na leo tena. Mama mkubwa anasema nimpeleke kwa mtaalamu wa mitishamba."

"Mpeleke hospitali."

"Nitampeleka. Ngoja nimpe uji kwanza apate nguvu."

Asnath aliufungua mdomo. Alitaka kuuliza uji wa unga gani, ingawa alijua. Akasema, "Haya, mwenzangu," akaenda bombani.

Cecilia alifariki mchana huohuo njiani kwenda hospitali, mgongoni mwa mama yake. Kabla watu hawajamaliza kukusanyika, Benson naye alianguka uani, meno yameumana, na Mazengo, mtu mzima mwenye mwili, akawa anatapika akiwa ameshika ukuta. Wakakimbizwa hospitali kwa mkokoteni. Mganga wa zamu alipowaona wawili kutoka nyumba moja, hakuuliza habari za homa. Aliuliza wamekula nini.

Habari ilimfikia Asnath akiwa anapakua. Aliyeileta ni mwanamke wa mtaani, alisimama mlangoni anahema: "Wanasema ni mahindi! Mahindi ya mnadani!" Chediel alikuwa na tonge mkononi. Asnath alimpiga mkono tonge likaanguka, akazoa sahani mbele ya watoto, akapiga kelele, "Temeni! Temeni nyote!"

Bwana shamba alikuja na bwana afya. Asnath alipowapa kile kitambaa, bwana shamba alizitazama zile punje zenye wekundu muda mrefu.

"Hizi ni mbegu, mama. Zimetiwa dawa ya kuua wadudu. Mvua hazikunyesha, mbegu zikakosa wanunuzi, mtu kaziosha rangi akaziuza kama chakula. Dawa imekaa kwenye ganda. Angalau mngekoboa, ingepungua. Mmesaga dona?"

"Tumesaga dona."

"Mbona kwako mmepona?"

Chediel ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwamba mke wake huchanganya na mtama, kwamba katika ugali wao mahindi yalikuwa kidogo.

Benson alipona. Mazengo alipona, ingawa vidole vyake havikutulia tena. Siku ya kumzika Cecilia, Asnath alikwenda na wanawake wenzake, akakaa nje kwenye mkeka wa mwisho. Luciana alipotolewa ndani, alipita watu wote mpaka akasimama mbele yake. Hakupiga kelele.

"Wewe ulichanganya," alisema. "Mimi ukaniambia nisage, wewe ukachanganya."

"Mama Benson, Mungu anaona, mimi huchanganya siku zote..."

"Na kuku wako uliwatupa chooni. Benson alikuona. Ulijua nini, Asnath?"

Kuitwa jina lake tupu, mbele za watu, kulimuuma kuliko kofi. Akatafuta jibu. Aliloliona ni lile gole, lilivyokuwa limejaa chini ya vidole vyake, na siku zote zilizofuata ambazo angeweza kugonga ukuta na kusema neno moja. Akainamisha kichwa.

Mahindi yaliyobaki, ya nyumba zote mbili, bwana afya aliyafukia kwenye shimo nje ya mji, karibu na reli. Yule mfanyabiashara alitafutwa Itigi na Singida, hakuonekana, wala hakuna aliyelijua jina lake.

Wiki haikuisha. Peniel alirudi kutoka kuokota kuni, akasema lile shimo liko wazi. Limefukuliwa kwa mikono. Mahindi hayamo.

Chediel alisema, "Niachie mimi, nikamwambie mwenyekiti." Akaondoka. Asnath hakumngoja arudi. Alijifunga khanga, akaanza nyumba ya kwanza.

Watu walikuwa hawamsalimii tena, na sasa alikuwa anasimama milangoni mwao mchana kweupe. "Shikamoo mama. Kama kuna mahindi yameletwa humu, msiyale. Ni sumu. Ni yale yale." Wengine walimfungia mlango. Mwanamke mmoja alimwambia, "Umekuja kutuhesabia chakula?" Kila nyumba ilisema hapana, hatujachukua, na Asnath alitazama mikono yao na ndoo zao, akanusa.

Kwenye nyumba ya mwisho, chini kabisa karibu na reli, alikaa Bibi Febronia na wajukuu zake. Mlango ulikuwa umerudishwa. Harufu ya stoo iliyofungwa ilimfikia kabla hajabisha hodi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Hatujachukua kitu sisi."

Nyuma ya bibi chungu kilikuwa mekoni, na watoto wamekizunguka wakiwa na mabakuli, macho yao hayatoki kwenye mvuke. Asnath aliingia bila kuruhusiwa. Alikishika kile chungu cha moto kwa mikono mitupu, akakitoa nje, akakimwaga mchangani, akayafukia mahindi ya kuchemsha kwa mguu huku watoto wakilia na bibi akimpiga mgongoni kwa mwiko.

"Unataka tufe njaa? Unataka tufe njaa?"

"Nitawaletea," alisema Asnath. "Nitawaletea mtama wangu. Wote. Nipeni hayo mahindi."

Bibi Febronia alilitoa debe chini ya kitanda. Debe moja. Alisema alikuta shimo limeshafunguliwa, wengine wamekwisha kupita, yeye alikomba mabaki tu, na wengine hao hakuwaona.

Asnath aliupeleka mtama siku ileile, mikono imefungwa vitambaa. Mwaka uliofuata Mazengo na Luciana walihamia Itigi bila kuaga, na huko nyuma ya ukuta wakaingia wapangaji wengine. Mvua zilizokuja baada ya kiangazi kile zilikuwa kubwa kuliko watu walivyoomba, zikabomoa nyumba na kukata njia ya reli. Asnath aliendelea kupika, kukata sabuni, kuungaunga siku. Lakini mahindi mengine ya shimoni hayakupatikana. Msimu mzima, kila kilio kilipoanza upande wowote wa mji, aliacha alichokuwa anakifanya, akatoka nje, akasimama na kusikiliza kinatokea nyumba ya nani.