Ardith na Gia ya Pili

Ardith Sedlacek alikuwa na umri wa miaka sitini na saba alipovunjwa mbavu mbili na nyumba yake mwenyewe.

Nyumba hiyo ilikuwa ya magurudumu: gari la futi thelathini na mbili, lenye kitanda, jiko na choo, na injini ya petroli mbele kabisa, chini ya nundu ya bati iliyotenganisha kiti cha dereva na kiti cha abiria. Yeye na mumewe Verlan waliinunua walipostaafu kutoka machinjio ya nguruwe huko Nebraska. Waliuza nyumba ya mbao walimoishi miaka thelathini na mbili, wakagawa makochi kwa majirani, wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Siku ya mbavu walikuwa katika kambi moja ya Iowa. Ardith alisimama nyuma ya gari, mikono juu, akimwelekeza mumewe arudi nyuma taratibu, kama wafanyavyo wake wa wenye magari hayo. Akafumba ngumi, ishara ya kusimama. Verlan hakusimama. Alikuwa na hasira kwa sababu jirani alikaa kwenye kiti chake cha turubai akiwatazama na kutabasamu. Gari lilimbana Ardith kwenye nguzo ya umeme mpaka akasikia kitu kikikatika ndani yake, mkato mdogo na mkavu, kama mfupa wa kuku.

"Ulisimama vibaya," Verlan alimwambia.

Hospitalini, muuguzi alipouliza, Verlan alijibu kwamba mkewe ameteleza bafuni. Ardith hakubisha.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu: kuushika usukani. Haikuwa fahari. Aliamini kwamba mumewe angewaua wote wawili barabarani, na hakutaka kufa akiwa amekaa kiti cha abiria, kikombe cha kahawa mkononi.

Hakuwa mwanamke wa kuogopa damu. Kwa miaka ishirini na sita alisimama katikati ya mstari wa machinjio, kisu mkononi, akitenganisha mabega ya nguruwe, moja kila sekunde sita. Ncha za vidole vyake vya kulia zilikuwa zimekufa ganzi, lakini kiganja chake kikishika kitu kilibana kama jiriwa ya fundi. Huko alijifunza jambo moja ambalo wageni hawakulijua: msumeno wa umeme ukipiga yowe, uko salama. Mwanamke aliyesimama jirani yake alipoteza vidole vitatu siku ambayo msumeno ulinyamaza. Ulikwama kwenye mfupa, akaingiza mkono autoe, nao ukajinasua.

Verlan alikuwa mwanzoni mwa mstari, na koleo la umeme la kuwazimisha wanyama kabla ya kuchinjwa. Alipiga maelfu ya nguruwe kwa siku, kisha akarudi nyumbani na mikono ambayo bado ilitafuta cha kupiga. Watu walisema kustaafu kungempoza. Wiki ya pili ya safari, kwenye kituo cha mafuta cha South Dakota, mwenye basi kubwa la dizeli aliinama nje ya dirisha lake akicheka.

"Mzee, hicho kidude chako kinavyonguruma! Ni cha kusafiria au cha kukatia nyasi?"

"Rudia," Verlan akasema, akilirudisha bomba la mafuta mahali pake.

"Nasema hivi, kama unataka nikuvute mpaka—"

Hakumaliza. Verlan alimvuta shati akampiga ngumi ya mdomo. Jino lilianguka juu ya saruji, jeupe, likaviringika mpaka kwenye kiatu cha Ardith aliyesimama kando. Waliondoka kabla polisi hawajafika. Verlan aliendesha maili arobaini akipiga mluzi, damu ya mtu mwingine ikikauka kwenye vifundo vya vidole vyake.

Mwezi uliofuata walifika Wyoming kwenye mkutano wa wenye magari ya namna hiyo. Wanaume walipokuwa wakicheza mchezo wa kurusha viatu vya chuma vya farasi na kunywa bia, Nadine Oquist, mwanamke mnene aliyestaafu kuendesha lori la magogo, aliwakusanya wake na kuwafundisha udereva. Ardith alimwambia mumewe anakwenda kufua.

"Sisi wa petroli hatuna ile breki ya injini waliyonayo mabosi wa dizeli," Nadine aliwaambia. "Kwa hiyo ukifika kichwani mwa mteremko, tia gia ya pili kabla hujaanza kushuka. Injini itapiga yowe. Utadhani inapasuka. Haipasuki! Waume zetu wanaliogopa yowe lile kuliko wanavyomwogopa Mungu. Wanarudisha gia ya juu, kunakuwa kimya, wanafurahi, halafu wanakanyaga breki mpaka zinaiva kwa joto na hazishiki tena. Mimi mwenzenu nimeshasaidia kutoa maiti kwenye makorongo."

"Na kama mimi siye dereva?" Ardith akauliza.

Nadine alilitazama doa la manjano la kipigo cha zamani lililobaki kwenye taya la Ardith. Hakuuliza limetoka wapi.

"Basi, shoga, angalau jua mkono wa gia uko wapi."

Ardith aliliendesha gari la Nadine kuzunguka uwanja mara tisa. Alipewa karatasi ndogo ya kuhitimu yenye jina lake. Verlan aliiona kesho yake ndani ya droo ya vijiko.

"Umejifunza kuendesha gari langu?"

"Letu. Nikusaidie ukichoka."

Verlan aliuchukua mkono wa kulia wa mkewe, akaukunja nyuma ya mgongo mpaka mbavu zikalia upya. "Siku utakayougusa usukani wangu, nitakuvunja mikono yote miwili. Umesikia, mama?" Kisha akaiwasha karatasi kwenye jiko la gesi.

Siku mbili baadaye walipanda milima ya Bighorn kuelekea magharibi. Kileleni palikuwa na kibao kikubwa cha njano kilichoonya malori kuhusu mteremko mkali. Bonde lilionekana mbali sana chini, kama ramani iliyoanguka sakafuni.

"Tia gia ya pili, Verlan."

"Nyamaza."

Alitia, hata hivyo. Injini ikapiga yowe chini ya nundu, kikombe kikatetemeka. Verlan aliuma meno kwa dakika moja.

"Inapasuka hii!" akafoka, akarudisha gia ya juu. Kukawa kimya. Gari likateleza kama lililopakwa mafuta.

Ardith aliusikia ukimya ule, na ngozi ya kichwa ikamsisimka. Kona ya kwanza walipita kwa breki. Ya pili pia. Kabla ya ya tatu, harufu ya kitu kinachoungua iliingia ndani, na mguu wa Verlan ukazama mpaka sakafuni kama unaokanyaga sifongo.

"Hazishiki," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Gia!"

"Itapasuka!"

Mshale wa kasi ulipita maili hamsini na tano. Kabati zilifunguka, sahani zikamwagika na kupasuka, sufuria ikamgonga Ardith bega. Ubavu wa gari ulisugua mwamba kwa mlio mkali, dirisha la jikoni likavunjika vipande. Ardith alifungua mkanda, akapiga magoti juu ya nundu. Bati lilikuwa la moto; alisikia ngozi ya magoti ikishika na kubanduka. Akaukamata mkono wa gia kwenye shina la usukani.

Verlan alimpiga ngumi ya sikio. Akampiga ya pili, ya jicho. Kiganja chake Ardith hakikuachia. Aliinama akamng'ata mumewe kifundo cha mkono mpaka meno yakagusa mfupa, na Verlan alipopiga yowe, akaivuta gia mpaka ya pili.

Injini ikalia. Ililia kama nguruwe wote wa Nebraska kwa pamoja, na gari zima likamrusha Ardith kwenye kioo cha mbele. Alicheka, mdomo umejaa damu. Hamsini. Arobaini. Ishirini na tano. Kwenye kona pana yenye nafasi ya kuegesha, Verlan aliliingiza gari kwenye lundo la mawe, likasimama.

Verlan alishuka kuangalia magurudumu yaliyokuwa yakifuka moshi. Ardith alifunga mlango kwa ndani, akakaa kiti cha dereva. Alisubiri saa nzima ili breki zipoe. Mumewe aligonga kwa ngumi, kisha kwa jiwe, kisha kwa kiganja tu.

"Fungua, Ardith. Yameisha."

"Nenda nyuma uniongoze nitoke kwenye mawe haya."

Alikwenda. Ardith alimwona kwenye kioo cha pembeni, mzee mwenye nywele chache, mikono juu, na nyuma yake reli ya chuma ya kingo za barabara na kisha hewa tupu. Akarudi nyuma. Verlan alimwita kwa vidole: njoo, njoo. Akafumba ngumi.

Mguu wa Ardith ulibaki juu ya kanyagio la mafuta. Gari lilizidi kurudi. Verlan aliinua ngumi zote mbili, mgongo ukagusa reli, na mdomo wake ukafunguka. Ardith aliusoma uso ule vizuri, kwa sababu ulikuwa wake mwenyewe wa Iowa.

Alikanyaga breki. Zikashika, shibiri moja kabla ya kifua cha Verlan.

Akasogeza gari mbele kidogo, akatupa dirishani koti la Verlan, dawa zake za presha na chupa mbili za maji.

"Mji uko maili sita. Nitawaambia polisi wakufuate."

"Huwezi kuliendesha peke yako, we mwanamke! Utakufa!"

Alisema na mengine, lakini Ardith alikuwa ameshatia gia ya pili, na injini ilikuwa ikipiga yowe.

Kituoni, askari alimuuliza habari za jicho lake. Alimweleza, na alipomaliza jicho akaendelea mpaka nguzo ya Iowa.

Magoti yake yana makovu mapana, laini. Anasafiri bado, peke yake. Akifika kambini hushuka kwanza, akazunguka nyuma, akaigusa nguzo ya umeme kwa kiganja, ndipo anapopanda tena. Mara nyingi jirani huinuka kwenye kiti chake.

"Dada, nikuongoze?"

"Hapana, asante," hujibu. "Simama tu pale ninapokuona kwenye kioo."