Mbuzi Niliyemchinjia Mkubwa wa Uwanja

Shule niliiacha darasa la sita, na sisemi hivyo kwa aibu. Wenye digrii nimewaajiri. Nilifika Sydney na jaketi moja na glavu za kuazima, nikaanza kwa kuwachimbia watu mashimo ya nguzo. Miaka kumi baadaye nilikuwa na malori matatu ya rangi niliyoichagua mwenyewe, na ukitoka Merrylands kwenda Doonside, ukiona fensi imenyooka, jua ni yangu. Kwa hiyo ninapoeleza habari ya ule uwanja wa besiboli, mtu asidhani anaelezwa na mjinga. Nilikuwa najua watu. Hilo ndilo lililoniponza.

Fensi ndiyo iliyonipeleka uwanjani. Nilipewa kazi ya kubadilisha wavu ule unaozuia mpira usiwapasue watazamaji, na tulipomaliza nikapewa tiketi za familia. Mchezo wenyewe sikuujua. Mmoja anarusha, mwingine anasimama na gongo, akiupiga mpira anakimbia kona tatu arudi alipoanzia. Muda uliobaki watu wazima wamesimama juani wanatema mate. Mara ya kwanza nilisinzia. Mara ya pili nilikwenda na nyama kwenye sanduku la barafu, na mara ya tatu nusu ya kanisa letu ilinifuata. Wakenya wauguzi waliotoka shifti, familia za Warundi wa Doonside na Lidcombe, watoto wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Tulikuwa na mtelemko wetu wa nyasi upande wa kushoto, na mtu mwingine hakukaa pale. Ule mtelemko niliuanzisha mimi.

Timu yetu ilikuwa mbovu. Sitafuti neno lingine. Msimu ule ilipoteza hata michezo iliyokuwa imekwisha kushinda. Kulikuwa na dada mmoja muuguzi wa wodi ya wazee, sauti yake ilivuka uwanja mzima bila spika.

"Wewe! Huo ni mpira, si andazi la moto! Shika!"

"Mama, hakusikii, huyo Mmarekani," mumewe alimwambia.

"Masikio hayasikii, miguu inasikia. Mtazame, si ameruka?"

"Ameruka na mpira umepita."

"Nimesimama masaa kumi na mawili hospitali nije nikalie majani nione haya? Yesu, nichukue."

Jumapili iliyofuata alikuwa pale pale, na kofia ya timu.

Halafu uvumi ukaanza. Ilisemekana mkataba wa uwanja unakaribia mwisho na manispaa imenyamaza. Huyu anasema timu itahamishwa, huyu anasema uwanja utapewa watu wa soka, mwingine anasema zitajengwa nyumba. Klabu ikatuandikia barua pepe ya kutushukuru kwa subira yetu. Ukiona mzungu anakushukuru kwa subira ambayo hajakuomba, jiandae.

Mimi sikujiandaa, nilijiamini. Lakini alikuwepo mtu ambaye habari hii kwake haikuwa ya kupiga soga kwenye nyasi. Mtunza uwanja alikuwa mwenzetu, Mrundi, amenizidi miaka michache. Alikuwa amekaa kambini Kigoma miaka mingi akijenga nyumba za udongo, na huku udongo ndio uliomwokoa. Pale katikati ya uwanja kuna kilima kidogo anaposimama mrushaji, na kile kilima ni lazima kiwe na ugumu wake. Kikiwa chepesi mguu unateleza, kikikauka kinapasuka. Waaustralia walikuwa wakikipima kwa vitabu. Yeye alichomeka ufunguo wa gari. Ufunguo ukizama kama kwenye parachichi lililoiva, alikunja turubai lililokifunika, kipate jua. Ukigoma, aliongeza maji. Warushaji wa timu pinzani walikuwa wanamfuata kumpa mkono.

Alhamisi moja alinijia nyumbani, hajavua hata buti.

"Patron," alisema, ndivyo alivyoniita, yaani bosi kwa Kifaransa chao, "mimi niko na shida ya kuchagua. Watu wa gofu kule Lidcombe wananitaka. Kazi ya kudumu, siyo ya msimu kama hii. Wamenipa mpaka Jumatatu niseme ndiyo ao hapana."

"Na wewe unataka nini?"

"Mimi nataka uwanja yangu. Lakini kama inafungwa, gofu itakuwa imepita, na mimi miaka hii nani atanichukua? Donc, wewe unajuana na wakubwa. Muulize tu yule meneja wa uwanja. Aseme ukweli, mimi nitajua namna ya kufanya."

Nilimpiga begani. Nilimwambia alale usingizi. Nilimwambia meneja yule nikimwita anakuja, na akija ataongea.

Na kweli alikuja. Jumamosi mchana, na mkewe, na chupa ya divai ambayo nyumbani kwangu hakuna anayekunywa. Nilikuwa nimemchagua mbuzi mwenyewe kwa mfugaji mmoja wa nje ya mji, nikamchoma uani taratibu tangu asubuhi. Nilimnawisha mikono kwa jagi, nikamkatia mbavu kwenye ubao, nikamwonyesha namna ya kuchovya chumvi. Alikula. Sijapata kuona mzungu akila mbuzi namna ile, mafuta mpaka kwenye kiwiko. Alisifu nyama, akasifu nyumba, akainuka kwenda kuitikisa fensi yangu ya nyuma, isitikisike.

"Unafanya na zile za muda?" aliuliza. "Za kuzungushia eneo zima?"

"Nafanya zote."

"Eneo kubwa, kama pale uwanjani, ingekuchukua muda gani?"

"Wengine watakwambia siku tatu," nilimjibu. "Mimi, siku moja."

Alicheka, akaniambia mimi ni mtu wa kazi. Nilivimba. Mke wangu, aliyekuwa anakatakata kachumbari, alinitazama, kisha akanifuata jikoni nilipokwenda kuchukua ugali.

"Umemuuliza?"

"Bado."

"Mwenzako anasubiri jibu, wewe unasimulia fensi?"

"Mama, mtu hamhoji mgeni akiwa na mfupa mkononi. Mwache ale. Kula kwake ndilo jibu."

Nami niliamini hivyo. Kwetu, mtu aliyekula mbuzi wako uani kwako hawezi kuondoka na balaa lako mfukoni bila kukuonya. Akiwa nalo, nyama itamkaa kooni. Utamwona anakula kidogo, anatazama saa, anaomba maji. Marehemu baba alimaliza kesi za mipaka ya mashamba namna hiyo, hakuna aliyeuliza swali, watu walitazamana tu wakitafuna. Huyu alitafuna mpaka mfupa. Akaondoka na paja limefungwa kwenye karatasi ya foili, mkewe akambusu mke wangu shavuni.

Jumapili baada ya ibada nilimwita Mrundi wangu kando ya gari. Wengine wakasogea, na mimi nikiona watu wamesogea sauti yangu hupanda yenyewe.

"Uwanja uko salama," nilisema. "Nimemaliza hiyo kazi."

"Amesema?"

"Nimekwambia nimemaliza."

Dada muuguzi alipiga kigelegele pale pale kwenye maegesho. Jumatatu asubuhi Mrundi aliwapigia watu wa gofu akawaambia asante, hapana.

Kiangazi kile misitu ilikuwa inaungua milimani, na moshi ukashuka mjini ukakaa. Mchana jua lilikuwa jekundu, unalitazama kwa macho bila kuumia. Tulikwenda uwanjani na barakoa. Majivu yalitua juu ya nyama. Mpira ukipigwa juu ulipotea kwenye ule ukungu wa kahawia, na wachezaji wetu, ambao hata kwenye mwanga walikuwa hawaushiki, walisimama mikono juu kama watu waliotekwa.

"Leo wana sababu," alisema mume wa yule dada.

 Dada alikuwa anatazama mnara wa taa. Taa tatu zilikuwa zimekufa tangu wiki iliyopita na hakuna aliyepanda. Kwenye kibanda cha vinywaji friji mbili zilikuwa zimeondolewa, zimebaki alama za miguu yake sakafuni. Mimi niliyaona yote haya nikayapatia maelezo. Taa, watabadilisha. Friji, wameleta ndogo. Binti yangu, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, aliniuliza kwa Kiingereza vile vijiti vya utepe wa waridi kule mbali ukingoni mwa uwanja ni vya nini. Vijiti vya utepe navijua. Nimevichomeka maisha yangu yote. Vinachomekwa na mpima ardhi, kabla ya mtu kama mimi kuja.

"Vya maji," nilimwambia. "Wanatafuta bomba."

Hata mtunza uwanja mwenyewe alikuja mtelemkoni siku hiyo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Patron, niliomba mbegu ya majani ya msimu ujao. Wamesema ningoje."

"Basi ngoja."

"Nimengoja wiki tatu. Na turubai imepasuka, wamesema tumia hiyo hiyo." Alikohoa kwenye barakoa. "Yule meneja ulisema amesema vipi? Maneno yenyewe."

"Kaka, wewe unaniamini ao huniamini?" Nilimwiga lafudhi, watu wakacheka. Yeye pia alicheka kidogo, akarudi kwenye kilima chake.

Timu ilifungwa kumi na nne kwa moja. Hakuna aliyepiga kelele. Nilitamani yule dada atukane mtu.

Jumanne simu ikalia nikiwa kwenye lori. Msichana wa ofisi ya uwanja, mpole, akaniambia meneja amenipendekeza mimi kabla ya kampuni nyingine yoyote. Wanahitaji fensi ya muda kuzunguka eneo lote, paneli na vitambaa vya kuziba watu wasione ndani. Ianze Alhamisi ya wiki inayofuata. Meneja amesema mimi naweza kuimaliza kwa siku moja.

Nilimwambia dereva asimamishe lori kando ya barabara. Mtu asinielewe vibaya, mimi si mtu wa kutetemeka. Lakini nilikaa pale mpaka dereva wangu akaniuliza kama ni moyo.

Nilikwenda moja kwa moja uwanjani, Doonside. Nilimkuta peke yake katikati ya uwanja, na mpira wa maji mkononi, ananyunyizia udongo wa kilima. Moshi ulikuwa mzito, jukwaa la upande wa pili lilikuwa kivuli tu. Nilimweleza habari ya simu. Nilimweleza yote, na vitambaa. Hakuacha kunyunyiza.

"Ulimuuliza?" alisema.

"Alikula, kaka. Alikula vizuri."

"Sikuulizi kula. Ile Jumamosi. Ulimuuliza kwa mdomo wako, uwanja inafungwa ao haifungwi?"

"Hapana."

Maji yaliendelea kutoka. Yalianza kufanya dimbwi, jambo ambalo yeye hangeliruhusu.

"Mpigie," alisema.

"Sasa?"

"Sasa. Na mimi nisikie."

Nilipiga, nikaweka sauti ya nje. Meneja alipokea kwa furaha, akanishukuru tena kwa yule mbuzi, mkewe bado anamsimulia. Nilimuuliza kwa Kiingereza changu cha mashimo na nguzo: uwanja unafungwa, ndiyo au hapana?  Akasema ndiyo, kwa masikitiko, wafanyakazi wataandikiwa barua Ijumaa. Akasema alidhani nilijua, kwani nilimweleza habari za fensi bila hata kuuliza ni ya nini. Ningemuuliza siku ile uani angenieleza, hakuwa na sababu ya kuficha.

Mazungumzo yote hayakufika dakika moja. Mtoto angeweza kuyafanya.

Mrundi alifunga maji. Akatoa simu yake, akawapigia watu wa gofu, nikamsikia akijitambulisha kwa jina lote, taratibu, kama mtu anayezungumza na ofisi ya wakimbizi. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na adabu. Nafasi imejazwa, mtu ameshaanza. Mrundi alimshukuru mara mbili.

"Njoo kwangu," nilimwambia. "Nina kazi. Kuanzia kesho. Nakupa lori."

"Kuchimba mashimo."

"Kusimamia wanaochimba."

Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha kuliko matusi. "Sikukatai, Patron. Nitafikiri. Lakini jambo moja nakuomba. Usiniongelee tena mbele ya mtu. Kanisani, popote. Nikiwa na swali nitauliza mwenyewe."

"Na ile fensi? Nikatae?"

Alitazama kule kwenye vijiti vya utepe, ingawa kwa ule moshi havikuonekana.

"Weka wewe. Mwingine ataleta lori mpaka katikati, juu ya kilima yangu."

Alichukua reki akaanza kuvuta maji ya lile dimbwi, kwa sababu saa tisa wachezaji walikuwa na mazoezi na barua ya Ijumaa ilikuwa bado haijafika. Nilitaka kumsaidia. Reki ya pili ilikuwepo pale, imelala kwenye nyasi. Nilipoinama kuichukua alisema, "Hapana, viatu vyako," na mimi nikatoka kwa kuzunguka pembeni, kwenye mstari wa chokaa, nikiangalia nisikanyage udongo wake.