Mganda wa Nyuma ya Picha

Mama mkwe wangu, Marcelė, hakuwahi kumwuliza mtu kama anataka chai. Aliuliza, "Unaumwa wapi?" Ukisema kifua, unapata maua ya mti wa liepa na asali. Ukisema tumbo, mnanaa. Ukisema huumwi popote, anakutazama kwa mashaka na kukupa vyote viwili. Sisi majani yote mazuri ya msituni tunayaita chai, na ile nyeusi ya dukani yeye aliiita maji ya kufulia soksi.

Nilichuma naye miaka mingi, mchana umande ukishakauka, tukatandaza darini penye kivuli. Kisha mwanawe, Vaidotas, mume wangu, akamleta Jurgita awe mke wake, na mimi nikatolewa nyumbani, sanduku moja mkononi. Marcelė alibaki kitandani chumba cha nyuma. Chumba cha mbele wakakigeuza mkahawa wa chai, wa kuwalaghai wageni wa kutoka jijini Vilnius. Jurgita alikausha majani kwenye oveni mpaka yakanuka kama kwato iliyoungua. Nikipita pale nilishika pua.

Marcelė alikuwa na ombi moja tu. Kila Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, tulipeleka kanisani mganda wa pakanga, mnanaa, masuke ya nafaka ya rai na karoti yenye majani yake, padri akaubariki. Mganda wa namna hiyo kijijini kwetu haunywewi, labda ng'ombe awe mgonjwa sana. Marcelė aliuweka wake nyuma ya picha ya Bikira Maria, usubiri kujazwa kwenye mto wa kichwa chake, ndani ya jeneza.

"Leokadija," aliniambia, "usikubali wanilaze kwenye sponji la dukani. Nitapiga chafya mpaka kiama."

Alipokufa nilimwosha mimi, maana Jurgita eti anaogopa maiti. Nilishona foronya ya kitani, nikamwacha Marcelė kwenye ukumbi wa parokia, nikaenda kuuchukua mganda.

Mkahawa ulikuwa wazi. Mama wa watu yuko kwenye jeneza, wao wanauza keki.

"Oho, Bi Leokadija!" Jurgita alisimama mlangoni. "Hapa wanaingia wateja tu."

"Basi mimi ni mteja."

"Nyeusi, ya kijani, ya matunda, au ya nyumbani?"

"Ya nyumbani."

"Umejua kuchagua. Wageni wanaililia hiyo."

Nilikaa, nikaitazama picha. Nyuma yake palikuwa na utando wa buibui tu. Birika likaja. Nilipomimina, suke la rai likaelea kikombeni, na harufu ya vumbi na ubani ikanipanda puani.

"Jurgita, majani haya umeyatoa wapi?"

"Nyuma ya picha. Si yalikuwa yanakusanya vumbi? Majani ni majani, dada."

"Usiniite dada. Haya ni ya mto wa Marcelė!"

Bibi wa meza ya pili, shingo nzima shanga za kaharabu, alitugeukia, akamaliza kikombe chake na kulamba midomo.

Vaidotas akatoka jikoni, kidevu kinang'aa mafuta. "Leokadija, usitutie aibu mbele ya watu. Jaza nyasi kavu, ziko zizini. Nani ataufungua mto?"

"Mama yako ndiye ataulalia, mjinga wewe."

"Mama hajui kitu tena."

Na huyu ndiye niliyemfulia nguo za ndani ujana wangu wote.

Nilipita nyuma ya kaunta, nikampokonya Jurgita kopo la majani. Ndani lilibaki gao moja tu, kiasi cha kujaza kiganja.

"Chukua na ya kwenye mabirika," alisema, wala hakuwa anatania. "Tutayapitisha kwenye oveni."

"Nimlaze Marcelė kwenye mate yenu?"

Gao moja halijazi mto. Nilirudi ukumbini, nikaikata foronya, nikashona kifuko cha ukubwa wa kiganja, nikakiweka chini ya shavu lake la kulia. Kichwa hakikukaa sawa, kwa hiyo nikamlaza upande, uso ukaelekea ukutani.

Jioni Vaidotas alikuja na maua ya dukani, akakaa kwenye kiti cha ndugu wa marehemu.

"Mbona hatutazami?"

"Amewapa kisogo," nikamwambia. "Usimguse."